Mhuri Juu ya Shavu

Barua ni ya ukurasa mmoja. Juu, pembeni, imebandikwa picha ya pasipoti ya binti, na mhuri wa serikali ya mtaa umegongwa nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi, ili picha isibanduliwe ikawekwa nyingine. Wino wa bluu umempita binti shavuni. Mwenyekiti anathibitisha kuwa mtajwa ni mkazi wa mtaa wake. Anaomba apewe ushirikiano.

Aliyenionyesha ni mama mmoja wa Mbagala anayetafutia familia watu wa kukaa na wazee: bibi aliyepooza, babu aliyeanza kusahau. Barua hizo anazo tele kwenye bahasha ya kaki, pamoja na nakala za vitambulisho vya NIDA na namba za wadhamini. Anasema zote zinamsaidia kujua pa kumfuata binti akiondoka na vitu vya watu. Atamgeuzaje mgonjwa kitandani, hakuna inayosema.

Basi ana mtihani wake. Humkalisha binti na mama yake mzazi, aliyepata kiharusi, akampa bakuli la uji. Kisha hutazama: atamwamkia bibi kabla ya kumgusa? Atauonja uji usije ukamuunguza? Atasubiri kijiko cha kwanza kimezwe ndipo alete cha pili? Wapo wenye wadhamini wawili waliomlisha bibi macho yakiwa kwenye simu. Hao huwapa nauli.

Hati ya polisi ya alama za vidole ipo, ila wengi huiombea safari za nje. Nilimuuliza mama huyo mbona haidai. Akaniambia kuwa bibi akifinywa chumbani, watoto humfukuza dada wa kazi usiku uleule, yakaishia hapo. Wiki ijayo yuko Tegeta, kwa bibi mwingine. Polisi wataandika nini? Hata mwajiri wa zamani akipigiwa simu, hujibu tu kwamba binti alikwenda kuolewa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiachia familia jukumu la matunzo; makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, ni ya wasio na wa kuwatunza. Lakini mchana kutwa, watoto wakiwa kazini, familia ni huyu binti. Nani amkague, na kwa kipimo gani?

Binti mmoja alimuuliza mama wa Mbagala kama naye angepewa barua ya nyumba anayokwenda. Tangu siku hiyo mama huyu huiomba kila familia namba ya dada aliyetangulia. Nyingi hukataa kuitoa.