Kwa nini jeraha la mtoto halikushonwa siku ile ile?

Mama, mtoto akijikata na jembe au panga, zuia damu kwanza: gandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Damu ikisimama, lioshe kwa maji safi yanayotiririka mpaka vumbi litoke. Najua hapa Dodoma wengi tunanunua maji kwa dumu, lakini kwa hili usiyabanie. Majivu, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa usiweke kabisa.

Mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo, pamoja na kadi yake ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda, na kadi ndiyo hutuonyesha kama anahitaji sindano nyingine.

Jeraha lenye udongo, au lililopita saa 6, mara nyingi tunalisafisha, tunalifunga bandeji bila kushona, kisha tunalishona baada ya siku 2 hadi 5 likiwa safi. Wazazi wengine hudhani wamepuuzwa, wakaenda kushonewa duka la dawa. Uchafu ukishonewa ndani, usaha hukosa pa kutokea.

Usisubiri tarehe ya kurudi ukiona homa, uvimbe unaoongezeka, usaha, harufu mbaya au taya kukaza.