Mota ya Baiskeli: Angalieni Kishikio Kwanza



Siku hizi habari za kutia mota kwenye baiskeli zimefika hadi vijijini. Mama anayepeleka maziwa, kijana anayebeba mitungi ya maji, mkulima anayepeleka mboga sokoni, wote wanauliza swali moja: "Hiyo mota ni pesa ngapi?" Swali ni zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: hiyo mota itashikwa na nini?

Mota ikishikwa vibaya hula tairi, huteleza mlimani, na mwisho hulala kwenye pembe ya nyumba pamoja na pesa za kikundi. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya kishikio, yaani chuma kinachoifunga mota kwenye fremu ya baiskeli. Chuma hiki fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza. Lakini ni lazima kirekebishike. Tutaona kwa nini.

Mota inasukumaje baiskeli?

Kuna njia kadhaa. Mota nyingine hukaa ndani ya gurudumu lenyewe, katikati ya spoku. Nyingine huvuta kwa cheni au mkanda. Njia tunayoizungumzia hapa ndiyo nyepesi kuielewa: mota inazungusha rola ndogo, na rola hiyo imegandamizwa juu ya tairi. Rola ikizunguka, tairi nalo linazunguka. Hakuna gia wala cheni ya pili. Mwenye baiskeli anaendelea kupiga pedeli, na mota inamsaidia.

Chukueni rola yenye upana wa sentimita 5 kutoka upande hadi upande. Ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea sentimita 16 hivi. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, baiskeli inakwenda mita 320 kwa dakika, yaani kama kilomita 19 kwa saa. Mwendo huo unatosha kabisa kwa baiskeli zetu zenye breki za vyuma. Zaidi ya hapo ni kutafuta ajali.

Wengine walijaribu nini?

Jambo hili si geni duniani. Huko Ufaransa, kuanzia mwaka 1946 hadi 1988, ilitengenezwa baiskeli iliyoitwa VéloSolex. Injini yake ndogo ilikaa juu ya gurudumu la mbele na kulisukuma kwa rola. Mwenye baiskeli alikuwa na mkono wa chuma wa kuinulia injini nzima. Akitaka msaada, anaishusha juu ya tairi. Akitaka kupiga pedeli tu, anaiinua.

Mwaka huo huo wa 1946 huko Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizobaki baada ya vita, zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Mwanzoni alijaribu njia hii ya kusugua tairi la mbele. Kumbe matairi ya wakati ule yalikuwa hafifu, yakaharibika upesi. Akaiacha njia hiyo, akatumia mkanda wa kuvuta gurudumu la nyuma. Kampuni ya Honda ilianzishwa baadaye, mwaka 1948.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, rola inafanya kazi, na watu wengi wameitumia miaka mingi. Pili, adui yake ni tairi hafifu linalogandamizwa vibaya. Na matairi hafifu sisi tunayajua sana!

Kwa nini kishikio kirekebishike?

Fikirini mashine ya kusaga unga pale sokoni. Chini ya mota yake kuna matundu marefu, si ya duara. Kwa nini? Kwa sababu mkanda ukilegea, fundi analegeza boliti, anasukuma mota nyuma kidogo, kisha anakaza tena. Kama matundu yangekuwa ya duara, mkanda ungelegea na kazi ingesimama.

Kwenye baiskeli mambo ni hayo hayo, na hata zaidi. Nafasi kati ya rola na tairi haikai vile vile. Tazameni:

1. Upepo ukipungua, tairi linakuwa laini. Rola iliyokuwa imegandamizwa vizuri asubuhi inateleza jioni.

2. Tairi likiisha meno, unene wake unapungua.

3. Cheni ikilegea, tunavuta gurudumu la nyuma kwenda nyuma ili kuikaza. Hapo tairi linaondoka kwenye rola.

4. Rimu ikipinda kidogo, tairi linakaribia rola upande mmoja na kukaa mbali upande mwingine. Mota inasukuma, inaacha, inasukuma, inaacha.

5. Mvua ikinyesha, tairi lenye maji na matope halishikiki vizuri. Linahitaji kugandamizwa zaidi.

Basi mota ikifungwa mahali pamoja kwa kuchomelewa, itakuwa sawa siku ya kwanza tu. Rola ikigusa kidogo mno, inateleza na kusugua mpira mpaka ukatoka unga mweusi. Ikigandamiza mno, baiskeli inakuwa nzito, tairi linapata moto, na tyubu inaumia. Yote mawili ni hasara.

Igandamizwe kwa nguvu gani?

Tupige hesabu. Mama ana kilo 60, baiskeli kilo 20, maziwa pamoja na mtungi kilo 40. Jumla ni kilo 120. Mlima unapanda mita 5 kwa kila mita 100. Ili kuupanda inahitajika nguvu ya kusukuma ya kilo 6 hivi (120 mara 5, gawa kwa 100), na zaidi kidogo kwa ajili ya barabara mbaya. Tuseme mama anasukuma kwa pedeli, na mota inamsaidia kwa kilo 4.

Kwa makadirio, tairi likiwa kavu, kila kilo 2 za kugandamiza zinaleta kilo 1 ya kusukuma. Kwa hiyo rola igandamizwe kwa kilo 8. Tairi likiwa na matope, kilo hizo zinaweza kufika mara mbili. Hapo ni afadhali kuinua mota na kusukuma baiskeli kwa mkono mpaka mahali pakavu. Tusilipasue tairi kwa ajili ya tope la mita 50.

Kishikio kizuri kina sehemu nne

*Matundu marefu.* Bamba la mota lifungwe kwenye fremu kwa boliti zinazopita katika matundu marefu ya sentimita 3 au 4. Hayo ni ya marekebisho makubwa, kwa mfano baada ya kubadilisha tairi au kukaza cheni. Nyuma ya bamba muweke boliti ndefu ya kusukuma, kama ile ya kukazia cheni ya pikipiki. Bila hiyo fundi atapiga nyundo, na bamba litakaa upande.

*Bawaba.* Mota isikazwe moja kwa moja kwenye bamba. Ikae juu ya kipande kingine kinachocheza kwa boliti moja, kama mlango kwenye bawaba yake. Hivyo rola inaweza kufuata tairi hata rimu ikiwa imepinda kidogo.

*Springi.* Springi inavuta mota kuelekea tairi. Iwe na nati ya kukaza na kulegeza. Hiyo ndiyo marekebisho madogo ya kila siku.

*Mkono wa kuinulia.* Mwenye baiskeli aweze kuondoa rola kwenye tairi bila kushuka. Pesa za chaji au mafuta zikiisha, baiskeli ibaki baiskeli. Tena baiskeli isilazwe usiku rola ikiwa imegandamiza tairi, maana tairi litabonyea mahali pamoja.

Bawaba ikae wapi?

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo someni polepole. Tuseme mota imefungwa mbele ya gurudumu la nyuma, chini ya kiti. Mahali hapo tairi linazunguka kwenda chini. Rola inalisukuma tairi chini, na tairi linajibu kwa kuisukuma rola juu.

Sasa, bawaba ikiwa mbele ya rola na juu yake, rola ikisukumwa juu inajongea nyuma pia, yaani inaingia kwenye tairi. Mota inajigandamiza yenyewe! Ikifanya kazi kubwa inashika zaidi, ikifanya kazi ndogo inashika kidogo. Lakini bawaba ikiwa chini ya rola, mambo yanageuka. Rola ikisukumwa juu inakimbia tairi. Mtakaza springi mpaka mchoke, na mlimani bado itateleza.

Kipimo rahisi ni hiki: bawaba iwe mbele ya rola na juu ya rola kwa kiasi sawa, kwa mfano sentimita 8 mbele na sentimita 8 juu. Hapo mota ikisukuma kwa kilo 4, inajiongezea kilo 4 za kugandamiza. Springi inaleta zile 4 zilizobaki. Bawaba ikishushwa karibu ilingane na rola, mshiko unakuwa mkali mno na rola inaweza kujichimba ndani ya tairi. Kwa hiyo wekeni boliti ya kuzuia, ili rola isizame kwenye tairi zaidi ya milimita 5 hivi.

Namna ya kupima

Hakuna haja ya chombo cha maabara. Tumieni mizani ya springi ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia majani chai au watoto kliniki.

Jazeni upepo kwanza. Wekeni kipande cha karatasi kati ya rola na tairi. Fungeni kamba kwenye ekseli ya rola, na kamba hiyo ishikwe na mizani. Mtu mmoja avute mizani polepole kuondoa rola kwenye tairi, mwingine avute karatasi. Karatasi ikitoka tu, someni mizani. Hiyo ndiyo nguvu ya kugandamiza mota ikiwa imezimwa.

Anzeni na kilo 5. Pandeni mlima mdogo bila mzigo, kisha na mzigo. Ikiteleza, kazeni nati ya springi hadi kilo 6, mjaribu tena. Mkifika mahali ambapo haitelezi, simameni hapo. Msikaze "kwa usalama." Kilo za ziada zinalipwa na tairi.

Angalieni pia kwamba ekseli ya rola imelingana na ekseli ya gurudumu. Ikikaa upande, tairi litalika upande mmoja tu.

Usalama

Mota ikifunguka njiani inaweza kuangukia spoku na kumtupa mtu chini. Basi pamoja na boliti, fungeni waya mgumu au mnyororo mwembamba kutoka mota hadi fremu. Tumieni nati za kujikaza au nati mbili mbili, maana barabara zetu zinatikisa. Boliti zote zikaguliwe kila wiki. Breki zitengenezwe kabla ya mota kufungwa, si baadaye. Tena, kabla ya kutoka barabara kuu, ulizeni ofisi ya NTSA kuhusu usajili na bima, kwa sababu baiskeli ikishatiwa mota sheria inaweza kuitazama kwa jicho lingine.

Ushauri kwa kikundi

Msinunue mota tano kwa pamoja kwa sababu pesa za merigo zimefika. Nunueni moja. Mwiteni fundi, atengeneze kishikio mbele yenu, na watu wawili wa kikundi wajifunze kukirekebisha wenyewe. Kisha mfungue daftari. Andikeni tarehe tairi lilipofungwa, siku upepo ulipojazwa, kilo za springi, safari zilizofanywa na pesa zilizoingia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miezi mitatu daftari litawaambia kama mota inalisha kikundi, au kikundi kinalisha matairi. Ikiwa ni la kwanza, nunueni ya pili.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kazi zetu, ni safari gani inayochosha watu zaidi? Mota ingesaidia hapo kweli, au ni barabara inayohitaji kutengenezwa?

2. Kwa sasa tairi moja linakaa muda gani kwa kila mwenye baiskeli? Tunajua, au tunakisia?

3. Ni fundi gani wa karibu anayeweza kutoboa matundu marefu na kutengeneza bawaba iliyonyooka?

4. Ni nani wawili watakaojifunza kupima na kukaza? Je, mmoja wao ni mwanamke anayeitumia baiskeli hiyo kila siku?