Mjane Mwenye Meli

Mtu akisimama pwani ya visiwa vyetu wakati wa jioni akaona chombo kinaingia, neno la kwanza linalomtoka ni kuuliza: "Chombo cha nani hicho?" Haulizi kwanza nahodha ni nani, wala kimepakia nini. Anamuuliza mwenyewe. Na jibu analopewa, mara nyingi mno, ni jina la mwanamume, nalo humtosha. Akina mama tunawaona pale pale mchangani, wakipigania bei ya samaki na kufunga matenga, lakini tumezoea kusema kwamba bahari ni ya wanaume, na tukishasema hivyo tunaona maneno yamekwisha.

Safu hii leo inataka kuyafungua tena maneno hayo. Kwa ajili hiyo tunaomba ruhusa ya wasomaji tuende kwanza mbali, kwa watu wa kisiwa wenzetu, ambako mwanamke mmoja aliishika biashara ya meli ya ukoo wake wakati ambapo bahari ilikuwa ya wanaume kuliko ilivyo sasa.

Kisiwa chenyewe ni Spetses, katika nchi ya Ugiriki, karibu na pwani ya Peloponnese. Ni kisiwa kidogo, eneo lake ni kama kilomita 22 za mraba, na ardhi yake haikuweza kamwe kuwalisha watu wake. Riziki yao ilikuwa baharini. Baada ya mkataba wa mwaka 1774 baina ya Urusi na Dola ya Uthmaniya, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiitawala Ugiriki, manahodha wa Spetses na wa kisiwa jirani cha Hydra walianza kusafiri kwa bendera ya Urusi, wakichukua ngano kutoka Bahari Nyeusi hadi bandari za magharibi. Vita vya Napoleon vilipozuka, na manowari za Waingereza zikawa zimezifunga bandari nyingi, nahodha mwenye moyo wa kupenya usiku na shehena yake alitajirika kwa safari chache. Meli zao zilikuwa mali ya ushirika. Mwenye chombo alikuwa na fungu lake, nahodha lake, na mabaharia nao waligawana faida badala ya kulipwa mshahara. Mvuvi wa Nungwi au wa Kojani hahitaji kufasiriwa mambo hayo.

Bibi Laskarina alizaliwa mwaka 1771 ndani ya jela ya Istanbul. Baba yake, nahodha wa Hydra, alifungwa humo kwa kushiriki katika uasi dhidi ya utawala wa Uthmaniya, na mama alikuwa amekwenda kumtazama mumewe. Baba alifariki kifungoni. Mama akarudi visiwani na mtoto, na baadaye akaolewa na nahodha wa Spetses. Na hivyo msichana akakulia katika nyumba ambamo mazungumzo ya chakula cha usiku yalikuwa pepo, shehena na nauli. Aliolewa mara mbili, na waume wote wawili walikuwa manahodha, na wote wawili waliuawa na maharamia. Wa pili aliitwa Dimitrios Bouboulis, naye alikufa mwaka 1811. Kutokana na jina lake ndipo mjane huyu akajulikana hata leo kuwa Bouboulina. Alikuwa na umri wa miaka 40, na watoto wa waume wawili, na meli, na mafungu katika meli za watu wengine, na fedha taslimu ambazo ukoo wake husimulia kuwa zilizidi riale 300,000.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wanaporuka. Wanamwacha mjane katika eda yake, na ukurasa unaofuata wanatuonyesha amesimama juu ya sitaha mwaka 1821, upanga mkononi, akiongoza manowari katika vita vya uhuru wa Ugiriki. Picha hiyo inapendeza machoni. Lakini baina ya kifo cha mume na vita hivyo kuna miaka kumi, na kwa maoni yetu miaka hiyo ndiyo yenye somo kwa watu wa visiwani na kwa wakubwa wanaotia saini hati zetu.

Mjane wa wakati ule alikuwa na njia tatu zilizokuwa wazi. Angeweza kuziuza meli akala fedha. Angeweza kuolewa mara ya tatu, mali ikaingia katika mikono ya mume mpya. Au angeweza kukabidhi kila kitu kwa shemeji na wakwe, akangojea kuletewa matumizi. Yeye hakuifuata hata moja. Aliendelea na ushirika wa marehemu mumewe, akatia fedha zake katika biashara, tena akaunda meli nyingine. Ieleweke kwamba hali ya soko haikumsaidia. Amani ya mwaka 1815 ilipofika Ulaya, nauli zilianguka, na visiwa hivyo vikajaa mabaharia wasiokuwa na kazi.

Katika dhiki hiyo, mwaka 1816, Serikali ya Uthmaniya ilitaka kuitwaa mali yake yote. Hoja yake ilikuwa kwamba marehemu Bouboulis aliwahi kupigana upande wa Urusi dhidi ya Dola. Mjane hakumtuma wakili wala shemeji. Alipanda meli yake mwenyewe akaenda Istanbul, akabisha hodi kwa Balozi wa Urusi, Stroganov, na kudai ulinzi kwa hoja ile ile iliyotumiwa kumshitaki: kwamba mumewe alikuwa mtumishi wa Urusi. Balozi akampeleka Krimea ili awe salama. Inasimuliwa kuwa kabla ya kuondoka alifanikiwa kuonana na mama yake Sultani Mahmud II, na kwamba mama huyo ndiye aliyemsihi mwanawe aiache mali ya mjane. Baada ya miezi kama mitatu alirudi Spetses, na meli zilikuwa bado zake.

Tunaomba wakubwa wetu walitazame tukio hilo kwa utulivu. Bibi huyu alijua mume wake alisafiri kwa bendera gani na kwa idhini ya nani. Laiti angekuwa mke ambaye mambo ya meli hufichwa, akaambiwa kwamba hayo si ya wanawake, angefika Istanbul na machozi tu.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nasi tutayapita upesi. Mwaka 1820 alikamilisha Agamemnon, meli ya mizinga 18. Husemwa kwamba alishitakiwa kuwa anaunda manowari kwa siri, na kwamba mkaguzi aliyetumwa alizibwa mdomo kwa fedha. Rushwa ni rushwa, hata ikitolewa na shujaa, na hatutaisifu hapa. Vita vilipoanza alipeleka meli zake kuuzingira mji wa Nafplio, akawalipa mabaharia na askari kutoka mfuko wake, na katika mwaka huo wa kwanza akampoteza mwanawe vitani. Utajiri ule wote ulikwisha. Baadaye Wagiriki wenyewe kwa wenyewe walipogombana, yeye alikuwa upande ulioshindwa. Alikamatwa, akanyang'anywa ardhi aliyopewa na Serikali mpya, akarudishwa kisiwani kwake. Huko alipigwa risasi mwezi wa Mei 1825, katika ugomvi wa koo mbili juu ya mwanawe aliyemtorosha binti wa watu. Warithi waliiuza Agamemnon kwa Serikali, na mwaka 1831 meli hiyo ilichomwa moto na Wagiriki wenyewe katika fitina zao. Kwa hiyo mwisho wa biashara haukuwa mzuri. Dola ya Sultani haikuweza kuichukua. Aliitoa mwenyewe, na nchi aliyoitolea haikumtunza.

Pengine msomaji atasema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, na sisi tuna desturi zetu. Desturi ipi? Kila mtoto aliyekaa chuoni anajua kwamba Bibi Khadija binti Khuwaylid alikuwa mfanyabiashara wa Makka, mjane, mwenye kupeleka bidhaa zake Sham, na kwamba Mtume mwenyewe alisafiri na mali yake kabla ya kumuoa. Sheria ya dini yetu inamwachia mwanamke mali yake hata akiwa ndani ya ndoa. Mume akifariki, fungu la mjane halina shaka: thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Na katika visiwa hivi wako wanawake wa zamani waliomiliki mashamba na majumba, wengine wakayaweka wakfu kwa majina yao. Kasoro haimo katika sheria.

Kasoro imo katika chombo. Shamba halihamishiki, na nyumba majirani wote wanaijua. Mashua ni jambo jingine. Ilinunuliwa kidogo kidogo, mbao mwaka huu, mashine mwaka kesho, na sehemu ya fedha ilitoka katika mauzo ya mke. Lakini jina lililoandikwa ni moja, au hakuna lililoandikwa kabisa. Marehemu akishazikwa, mashua hutoka asubuhi kama kawaida ikiwa chini ya ndugu yake, na mjane huletewa kitoweo. Hukaa mwaka mzima akipewa kitoweo, hata akasahau kwamba ana fungu.

Jambo hili halikuwa na uzito mkubwa wakati ambapo kazi ya mwanamke baharini iliishia maji ya magotini. Sasa lina uzito. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Maji ya karibu na ufukwe yamezidi kupata joto, na mwani aina ya kotonii, ambao ndio wenye bei, unakufa humo. Wataalamu wameonyesha kwamba hustawi zaidi ukipandwa kwenye kina kirefu. Kwenye kina kirefu hakuendwi kwa miguu. Kunahitaji boti, na anayeulizwa habari za boti ni mwanamume. Tusipoangalia, kazi ambayo akina mama wameianzisha kwa mikono yao itahamia mikononi mwa wenye vyombo, nao watabaki vibarua katika mashamba yao wenyewe.

Serikali imekuwa ikigawa boti kwa wavuvi na kwa wakulima wa mwani chini ya mipango ya uchumi wa buluu, na tunaipongeza. Tunalo ombi moja tu kwa maofisa wanaohusika. Boti zinapokabidhiwa, hotuba zikisha na picha zikishapigwa, daftari la wamiliki lisomwe hadharani pale pale pwani, jina baada ya jina, akina mama wenyewe wakiwapo na wakisikia. Na mwaka ukipita, ofisa arudi na daftari hilo hilo, asimame mchangani wakati wa jioni, na kila boti inayoingia aulize ni ya nani.