Mrejesho, Uhakiki na Kauli Kiini: Istilahi za Wazo Changa la Filamu

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri wetu kwa wingi siku hizi ni miongozo na fomu zinazohusu utungaji wa filamu. Maandishi hayo yana istilahi chache ambazo, zisipofasiriwa kwa uangalifu, huleta madhara yasiyotarajiwa. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza istilahi zinazohusu hatua ya kwanza kabisa ya kazi hiyo, yaani hatua ambayo mtungaji ana wazo tu na angependa wenzake walipime.

Tulipata kuiona fomu moja ya kuombea ruzuku ya filamu iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Mahali palipotakiwa sentensi moja yenye kulieleza wazo, mfasiri aliandika “muhtasari”. Waombaji wakaleta kurasa mbili mbili na tatu tatu. Mahali palipoahidiwa maoni ya kumsaidia mwombaji aliboreshe wazo lake, fasiri ilisema “matokeo ya uhakiki”. Kijana mmoja alipopokea karatasi yenye maswali manane juu ya wazo lake alidhani kwamba ameshindwa, akaliacha. Kumbe maswali yale yaliandikwa na msomaji aliyelipenda wazo hilo na kutaka liendelee. Neno moja lilimkatisha tamaa mtu ambaye lilikusudiwa kumsaidia.

Tuanze na maandishi yenyewe ya filamu. Waigizaji na waongozaji wengi husema “skripti”, na neno hilo limekwisha kuzoeleka. Katika maandishi rasmi tunapendelea “mswada wa filamu”. Yafaa lakini tusiliache neno “mswada” peke yake, kwa kuwa mtumishi wa serikali alionapo hulifikiria kwanza pendekezo la sheria linalopelekwa Bungeni. Mswada wa filamu ndefu aghalabu huwa na kurasa kati ya 90 na 120, na kwa desturi ya kazi hiyo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu.

Kabla ya kurasa hizo kuandikwa, mtungaji hulieleza wazo lake kwa sentensi moja, au mbili zikizidi. Katika kampuni za filamu za Hollywood, wasomaji wa miswada huanza taarifa zao kwa sentensi ya namna hiyo. Kisha hufuata muhtasari wa hadithi, maoni, na mwisho pendekezo la kuukataa mswada, kuufikiria au kuukubali. Twaona basi kwamba sentensi hiyo na muhtasari ni vitu viwili vinavyokaa katika taarifa moja, wala haviwezi kuitwa kwa jina moja.

Tuiiteje sentensi hiyo? “Logilaini” ni mkopo usiomwambia msomaji lolote. “Dokezo” ni neno zuri, ila ofisini tayari lina kazi yake, maana kila karani anaijua dokezo sabili. “Kaulimbiu” hutumika kwa maneno ya kuvutia watu, kama yale yanayoandikwa katika mabango. Sisi tunapendekeza “kauli kiini”. Istilahi hii ni fupi, imeundwa kwa maneno yetu wenyewe, na inaruhusu sentensi mbili pale zinapohitajika.

Mfano utaonyesha tofauti. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji, ikitokana na riwaya ya Adam Shafi. Mtu akisema, “Filamu hii inahusu ukoloni na mapenzi,” ametaja mada tu. Akieleza matukio yote tangu mwanzo hadi mwisho, ametoa muhtasari. Kauli kiini, ambayo tunaitunga sisi kwa ajili ya mfano huu, ingeweza kuwa hivi: “Zanzibar, miaka ya 1950: msichana wa Kihindi aliyetoroka ndoa ya kulazimishwa anampenda kijana mpigania uhuru, na inambidi achague baina ya usalama wake na hatari za mapambano.” Hapa tunamwona mhusika, tunaliona jambo lililomtoa katika maisha ya kawaida, na tunakiona kilicho hatarini. Baadhi ya watu hukiita hicho cha mwisho “dau”. Neno hilo lina harufu ya kamari, na kwa watu wa pwani ni chombo cha baharini. Tunaona afadhali kusema “kilicho hatarini”.

Sasa tuingie katika jambo lililo zito zaidi. Uhakiki huielekea kazi iliyokamilika. Mhakiki husoma kitabu kilichochapishwa au hutazama filamu iliyokwisha kuonyeshwa, akawaeleza wasomaji thamani yake. Mrejesho humrudia mtungaji mwenyewe wakati kazi ingali mikononi mwake. Uhakiki huuliza, “Kazi hii ina thamani gani?” Mrejesho huuliza, “Nimeelewa nini, na nimekwama wapi?” Anayeliita pendekezo changa mbele ya uhakiki ni sawa na mtu anayeonja chungu kabla maji hayajachemka, kisha akamlaumu mpishi.

Faida ya kuomba mrejesho mapema ni dhahiri. Kubadili kauli kiini huchukua dakika chache. Kubadili kurasa 100 huchukua miezi. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Njia nyepesi ni hii. Mtungaji huwasomea kauli kiini watu watano hivi, wasiwe jamaa zake pekee, kisha humwomba kila mmoja aisimulie tena kwa maneno yake bila kuitazama karatasi. Palipopotea katika masimulizi ndipo penye kasoro. Mtu mmoja akikwama, huenda ni hiari yake tu; watatu wakikwama mahali pamoja, mahali hapo parekebishwe. Hata hivyo si lazima kuifuata dawa wanayoitaja: msikilizaji huujua uchungu wake vizuri, lakini mwenye kuijua hadithi nzima ni mtungaji. Naye mtungaji asijitetee wakati wa kusikiliza, kwani hatakuwapo ukumbini kuwafafanulia watazamaji.

Wengi huogopa kuibiwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, katika kifungu cha 9, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala hailindi wazo lenyewe. Lakini dawa ya hofu hiyo haiwi kunyamaza. Mtungaji aliandike wazo lake kwa ukamilifu kadiri awezavyo, atie tarehe, aweke nakala, na akumbuke alimwonyesha nani na lini.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

1. Mswada wa filamu: maandishi kamili ya filamu, yenye maelezo ya matendo na mazungumzo ya wahusika.
2. Kauli kiini: sentensi moja au mbili zinazomtaja mhusika mkuu, jambo linalomkabili na kilicho hatarini.
3. Muhtasari: maelezo mafupi ya hadithi nzima, pamoja na mwisho wake.
4. Mrejesho: maelezo anayopewa mtungaji juu ya kazi isiyokamilika ili aiendeleze.
5. Uhakiki: uchambuzi wa kazi iliyokamilika na kutolewa kwa watu.

Mfasiri atakayekutana na fomu za namna hii aangalie kwanza kazi iko katika hatua gani, ndipo achague neno. Mwalimu naye anaweza kuanza na tofauti ya istilahi ya nne na ya tano darasani, kwa kuwa insha ya mwanafunzi pia ni kazi isiyokamilika, na mengi anayoandikiwa pembeni kwa wino mwekundu huyapokea kama hukumu.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Tunawaomba wasomaji wazijaribu katika kazi zao, kisha watuandikie ni wapi zimewafaa na ni wapi zimewakwamisha, kabla hazijapelekwa kusanifishwa.