Kibodi ya nje yaweza kuokoa kompyuta mpakato

KUHARIBIKA kwa vitufe vya kompyuta mpakato si sababu ya kupoteza nyaraka zilizomo. Mara nyingi diski inayohifadhi kazi huwa salama. Kinachomzuia mwenye kompyuta ni herufi moja tu ya nenosiri ambayo haiandikiki.

Njia nyepesi ni kuchomeka kibodi ya nje kwenye tundu la USB. Kwa kawaida kompyuta huitambua yenyewe baada ya muda mfupi, hata kabla ya nenosiri kuingizwa. Asiye na kibodi hiyo anaweza kutumia kipanya: katika Windows, alama ya ufikivu iliyo chini ya ukurasa wa kuingilia hufungua kibodi ya kwenye skrini.

Hata hivyo, kitufe kilichokwama kikiwa kimebonyea huendelea kutuma herufi, na kibodi ya nje haiwezi kukizuia. Hapo fundi hulazimika kuchomoa utepe unaounganisha kibodi ya ndani na bodi kuu.

Baada ya kuingia, jambo la kwanza ni kunakili nyaraka kwenye flashi, ndipo matengenezo yafuate. Kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya hakutengenezi kitufe kilichovunjika. Huteketeza kazi ya mwenyewe bure.