Kaa na Kamba, Viumbe wa Makao Mawili

Katika Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi aliyefariki Syria mwaka 1277, kaa ametajwa pamoja na chura na nyoka: wanyama wanaoishi nchi kavu na majini pia, kwa hiyo hawaliwi. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kitabu hicho ni tegemeo kubwa la madhehebu hayo. Lakini wapo wanaoshika rai kwamba kaa wa majini ni wa bahari, na cha bahari ni halali. Basi katika mtaa mmoja wa Lamu au Unguja utakuta nyumba inayomuunga kaa kwa tui na nyumba isiyomtia jikoni kabisa, ilhali kamba analiwa kote kote. Kwa Mashia kamba ni halali, kaa haramu. Wasabato wanawaacha wote wawili kwa agizo la Mambo ya Walawi sura ya 11, kwa kuwa hawana mapezi wala magamba ya samaki.

Hukumu nawaachia mashekhe na wachungaji. Swali lililo chini yake, huyu ni wa wapi hasa, ndilo linalonishughulisha, maana ndilo linaloeleza maisha yake yote.

Kaa anapumua kwa matamvua yaliyofichwa chini ya gamba, kushoto na kulia. Akitoka majini huondoka na maji kidogo humo ndani, na maadamu matamvua hayajakauka, anaishi. Ndiyo maana mchuuzi humfunika kwa gunia bichi, na kaa aliyefungwa magando hufika sokoni siku ya pili au ya tatu akiwa mzima, macho yamesimama.

Kaa wa mikoko tunayemla zaidi huchimba tundu kwenye tope, katikati ya mizizi ya mkoko na mlilana. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, mvuvi huingia kwa miguu na chuma kilichopinda ncha, akatia tunduni na kusikiliza kwa mkono. Gamba likigusa chuma, anajua. Anayetolewa hutoka na magando juu, na wahenga waliliona hilo: kaa akiinua gando, mambo yamekatika.

Ndoa yake ina subira. Jike hupandwa akiwa amejivua gamba, mwili ungali laini, saa ambayo adui yeyote anaweza kumla. Kwa hiyo dume humshika siku kadhaa kabla, akatembea naye akiwa amemkumbatia chini ya tumbo, na humlinda hadi gamba jipya ligande. Baadaye jike huiacha mikoko na kwenda nje, bahari kuu, na huko hutoa mamilioni ya mayai. Watoto huelea wiki kadhaa, wadogo kuliko punje ya mchele, wakibadilika umbo mara kwa mara kabla ya wachache waliobaki kurudi na maji kwenye tope.

Kamba hupita njia hiyo hiyo. Kamba weupe wa delta ya Rufiji na wa ghuba ya Ungwana huzaliwa baharini, huingia mitoni na mikokoni wakiwa vitoto, hukua miezi kadhaa, kisha hurudi baharini kuzaa. Kenya ilisimamisha meli za kukokota nyavu Ungwana mwaka 2006, na Tanzania ikafunga uvuvi wa kamba wa meli mwaka 2007 baada ya mavuno kushuka. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini zilishughulikia nusu moja ya maisha ya kamba. Nusu ya pili iko chini ya shoka la mkata boriti na jembe la mkulima wa mpunga, na mara nyingi anayesimamia samaki na anayesimamia misitu hawaketi meza moja.

Wapo kaa waliokwenda mbali zaidi na bahari. Yule kaa mkubwa mla nazi wa kisiwa cha Chumbe, anayeweza kufika kilo nne, akishakua hufa maji kama mtu. Hata hivyo jike lazima ateremke ufukweni kuachia mayai. Na katika misitu ya Shimba Hills na Usambara yuko kaa mdogo, aliyetambulishwa kitaalamu mwaka 2004, anayeishi kwenye mashimo ya miti yanayokusanya maji ya mvua. Huyo bahari haijui kabisa. Mayai yake huanguliwa yakiwa vikaa kamili.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Mgeuze kaa wa mikoko chali utazame kifuniko cha tumboni. Chembamba ni dume. Cha pembe tatu iliyotanuka ni jike mchanga. Kikiwa kipana, cha mviringo na cheusi, ni jike aliyepevuka, na huyu ndiye anayegombewa kwa mayai yake ya rangi ya chungwa, naye ndiye ambaye angeshika njia ya bahari kuu. Vikundi vinavyonenepesha kaa kwenye vizimba, kuanzia Mida hadi Mtwara, hutegemea kaa wachanga wanaookotwa mikokoni. Ningeomba vikundi hivyo viwe vya kwanza kumwachia jike huyo apite.