Kwa nini mashabiki wanaokoa Star Wars ya 1977

Darasani tunafundishwa kwamba matini ikirekebishwa, toleo la kwanza halitupwi. Filamu nayo ni matini. Star Wars ilipotoka 1977, maandishi yake ya ufunguzi hayakuwa na maneno «Episode IV», yaliongezwa 1981. Mwaka 1997 George Lucas alibadili mengi zaidi: mwanzoni ni Han peke yake aliyemfyatulia Greedo, katika toleo hilo Greedo alimtangulia, na tabia ya Han ikageuka. Mashabiki wa mradi wa 4K77 walitafuta mkanda wa milimita 35 uliotengenezwa kwa ajili ya sinema za wakati ule, wakauskani kwa upana wa nukta 4,000 hivi, wakafuta mikwaruzo. Haki za filamu si zao. Lakini mimi ninayerekodi hadithi za wazee nawaelewa: toleo la kwanza likipotea, tutaonyeshaje kilichobadilika?